Mpwito au upepo: uanzie wapi unapotaka kuielewa nyota kubwa

Chukua nyota mbili. Moja ni Ibuti la Jauza, ile nyekundu begani mwa Jabari ambayo ramani nyingi za anga huiandika Betelgeuse. Nyingine ni Zeta Puppis katika kundinyota la Shetri, nyota ya buluu ambayo uso wake una joto la kelvini 40,000 hivi. Zote mbili zilizaliwa nzito na zote mbili zinakonda, ila kila moja ina namna yake. Ibuti la Jauza inapwita kama kifua cha mtu aliyelala: inavimba na kunywea, pumzi moja kwa siku 400 hivi. Zeta Puppis inavuma. Upepo unaotoka usoni pake unafikia kasi ya kilomita 2,250 kwa sekunde, na kila mwaka unaondoka na masi inayokaribia ya Dunia nzima.

Anayeanza kusoma habari za nyota za aina hii, yaani zilizozaliwa na masi za Jua 8 au zaidi, hufika njia panda mapema. Upande mmoja anaambiwa kwamba maisha ya nyota kubwa yanaamuliwa na masi inayopotea. Upande wa pili anaelekezwa kwenye mipwito, kwamba hiyo ndiyo inayofichua yaliyomo ndani na ndiyo inayotikisa tabaka za nje mpaka zibanduke. Akitaka kuandika mradi, kutengeneza modeli kwenye kompyuta au kuchagua nyota ya kufuatilia, hawezi kuvishika vyote kwa uzito ule ule. Aanze na kipi?

Rai yangu naitoa sasa hivi. Nyota ikiwa ya moto, shika upepo, na mpwito uutumie kama kipimo. Nyota ikiwa nyekundu na imevimba, shika mpwito, kwa sababu bila huo upepo wenyewe haupati pa kuanzia. Na ikiwa ni miongoni mwa zile zilizo karibu kupasuliwa na nuru yake yenyewe, au ikiwa ina mwenzi wa karibu, viweke vyote viwili pembeni kwanza. Hapo mwenye kauli ni mwingine. Iko namba moja inayokusaidia kujua uko wapi kati ya hali hizo: mng'aro wa nyota ugawanywe kwa masi yake, vyote vikipimwa kwa Jua. Jua lenyewe ni 1. Ibuti la Jauza ni kama 6,000. Tutairudia.

Upepo: gesi inayosukumwa na nuru

Nuru ina msukumo. Kwetu hapa hatuusikii, lakini juu ya uso wa nyota inayong'aa mara laki kadhaa kuliko Jua, msukumo huo unatosha kuiinua gesi. Kazi hiyo haifanywi na hidrojeni wala heli, ingawa ndizo zilizojaa. Wanaoifanya ni wachache: chuma, kaboni, nitrojeni, oksijeni na jamaa zao, ambao wanaastronomia huwaita wote "metali" bila kujali kemia inasema nini. Atomi hizi zina maelfu ya mistari, yaani rangi maalumu zinazozinasa, katika urujuanimno (nuru iliyo ng'ambo ya zambarau, isiyoonekana kwa macho), na kila mstari ni mahali pa kuipokea nuru.

Kitu kinachoufanya mfumo huu ufanye kazi ni kasi. Atomi iliyotulia ikishachukua rangi yake, walio juu yake wanakuta rangi hiyo imekwisha. Ila gesi ya juu inaenda kasi zaidi, na kwa sababu ya mwendo huo mistari yake inahama kidogo, ikaangukia kwenye nuru ambayo haijaguswa. Ni kama mtu aliyesimama nyuma ya mwingine juani, akapiga hatua moja pembeni na kutoka kivulini. Kila atomi inayoongeza kasi inajitoa kwenye kivuli cha iliyo chini yake. Leon Lucy na Philip Solomon walilieleza wazo hili mwaka 1970, kisha John Castor, David Abbott na Richard Klein wakaliwekea hesabu kamili mwaka 1975. Ushahidi ulikuwa umetangulia: mwaka 1967 Donald Morton alichapisha spektra (nuru iliyochanguliwa rangi kwa rangi) za urujuanimno zilizochukuliwa kwa roketi, zikionyesha nyota za mshipi wa Jabari zikitupa gesi kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde.

Uzuri wa upepo kwa mtu anayechagua ni kwamba una fomula. Unaipa nyota mng'aro, masi, joto na kiasi cha metali, nayo inakurudishia masi inayopotea kwa mwaka. Inayotumika zaidi kwa nyota za moto ni ya Jorick Vink, Alex de Koter na Henny Lamers ya mwaka 2001. Ndani yake utakuta kwamba upotevu unafuata kiasi cha metali kikipandishwa kwenye kipeo cha 0.7 hivi. Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, lina metali kama moja ya tano ya zile za Jua, kwa hiyo nyota ileile ikizaliwa kule itapoteza karibu theluthi tu ya kile ambacho ingepoteza hapa kwetu katika Njia Nyeupe. Hilo si jambo dogo. Mawimbi ya uvutano yalipopatikana Septemba 14, 2015, mashimo meusi yaliyogongana yalikuwa na masi za Jua 36 na 29 hivi, na maelezo ya haraka ya uzito huo yalikuwa kwamba wazazi wao walizaliwa mahali penye metali haba, upepo ukawa dhaifu, wakafa wakiwa bado wazito.

Sasa udhaifu. Fanya hesabu hii kwenye karatasi. Nyota yenye masi za Jua 60 inaishi utotoni na ujanani, ikichoma hidrojeni, kwa miaka milioni 3.5 hivi. Ukiweka upotevu wa sehemu 3 kati ya milioni za masi ya Jua kila mwaka, mwisho wake imepoteza masi 10.5. Lakini upepo huu hauvumi laini. Umejaa madonge, na madonge yanadanganya vipimo, kwa kuwa mwanga unaopimwa unafuata mraba wa msongamano. Wanaastronomia walipoyahesabu madonge hayo, viwango vilishuka kwa mara 2 hadi 3. Gawanya 10.5 kwa 3, unabaki na 3.5. Nyota iliyopoteza masi 10 na iliyopoteza 3.5 haziishii mahali pamoja. Ya kwanza inaelekea kuvuliwa nguo na kuwa Wolf-Rayet, zile nyota za heli tupu ambazo Charles Wolf na Georges Rayet waliziona kutoka Paris mwaka 1867. Ya pili inahitaji msaada mwingine ili ifike huko.

Kwa hiyo unapoichagua njia ya upepo, jua kwamba unachagua fomula nzuri yenye kosa la mara mbili au tatu ndani yake.

Mpwito: vali inayofunga na kufungua

Nyota haipwiti kwa kupenda. Mara nyingi ukiisukuma itatikisika na kutulia. Ili mtikisiko uendelee, lazima pawe na tabaka linalonasa joto wakati nyota imebanwa na kuliachia wakati imetanuka, kama kifuniko cha sufuria ya maji yanayochemka kinavyoinuka, kutoa mvuke na kurudi chini. Katika nyota kifuniko hicho ni gesi yenyewe. Ikibanwa, inakuwa nzito kwa nuru kupenya. Joto linarundikana chini yake, tabaka linasukumwa juu. Likitanuka, nuru inapita, linashuka tena.

Tabaka gani? Inategemea joto. Katika sefidi, nyota zinazotumika kupima umbali wa galaksi, ni pale heli inapopoteza elektroni yake ya pili, kwenye kelvini 40,000 hivi. Katika majitu makuu mekundu, yaani nyota nyekundu zilizovimba kama Ibuti la Jauza, ni hidrojeni, karibu kabisa na uso. Katika nyota za moto za aina ya Beta Cephei, zinazopwita kwa saa 2 hadi 8 (Beta Cephei yenyewe ni saa 4.57), jibu lilikosekana kwa miongo mingi. Mwaka 1982 Norman Simon aliwasihi wenzake waichunguze upya hesabu ya namna metali zinavyoizuia nuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hesabu mpya zilitoka, na kumbe kwenye kelvini 200,000 hivi mistari ya chuma inaizuia nuru zaidi sana kuliko ilivyodhaniwa. Fumbo likaisha. Napenda kisa hiki kwa sababu chuma kilekile kinachousukuma upepo kule juu ndicho kinachoendesha mpwito kule chini. Tofauti ni kina tu.

Lakini Beta Cephei haipotezi masi ya maana kwa kupwita. Mpwito wake ni mdogo mno. Faida yake iko kwingine: unaifanya nyota iseme yaliyo ndani. Mwaka 2003 Conny Aerts na wenzake walisoma mipwito ya HD 129929 na kuonyesha kwamba sehemu za ndani zinazunguka kwa kasi kuliko za nje, na kwamba kiini kinachanganya gesi kupita mpaka wake wa kawaida kwa kiasi kidogo kinachopimika. Hakuna fomula ya upepo itakayokwambia hayo. Na ukubwa wa kiini ndio unaoamua nyota itang'aa kiasi gani baadaye, kwa hiyo hata upepo wa uzeeni umeandikwa humo.

Kulikuwa na wakati mpwito ulidhaniwa kuwa muuaji. Mwaka 1959 Martin Schwarzschild na Richard Härm walipiga hesabu kwamba nyota inayozidi masi za Jua 60 hivi itapwita kwa nguvu ya moto wa nyuklia wenyewe, mpwito ukue mpaka nyota isitulie. Wengi wakaona hapo ndipo dari ya uzito wa nyota ilipo. Mwaka 1970 Immo Appenzeller akafuata mpwito huo mpaka ukubwani na kuona kwamba haupasui nyota. Unavuja tu, ukitoa masi kutoka juu huku kiini kikiendelea na kazi. Leo tunaijua R136a1 katika Wingu Kubwa la Magellan, yenye masi za Jua zinazokaribia au kupita 200. Dari ya 60 ilikwisha zamani.

Mpwito una mtego wake pia. Muda wa mpwito unafuata msongamano wa nyota: ukipanda kipenyo unarefuka, ikipungua masi unarefuka. Tuseme jitu kuu jekundu lenye masi 16 linapwita kwa siku 400. Likipoteza robo ya masi yake na kubaki na 12, kipenyo kikiwa kilekile, muda unarefuka kwa asilimia 15 hivi na kufika siku 460. Sasa acha masi ibaki 16 na uongeze kipenyo kwa asilimia 10 tu. Muda unarefuka kwa asilimia 15 ileile. Saa uliyonayo mkononi ni moja, maelezo ni mawili, na moja linasema nyota imepoteza masi nne za Jua, lingine linasema haijapoteza kitu. Bila kipenyo kilichopimwa kwa njia nyingine, usiugeuze mpwito kuwa mizani.

Hata hivyo mizani hiyo ikitumika vizuri huwa sahihi kuliko nadharia. Kwa sefidi ulikuwepo mgogoro wa miaka mingi: masi zilizotokana na nadharia ya mageuzi ya nyota zilikuwa kubwa kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko zilizotokana na mpwito. Mmoja wa washukiwa alikuwa upotevu wa masi, kwamba nyota ilikonda njiani bila modeli kujua. Mwaka 2010 timu ya Grzegorz Pietrzyński ilipata sefidi inayopatwa na mwenzi wake, OGLE-LMC-CEP-0227, ikaipima moja kwa moja: masi za Jua 4.14. Jibu la mpwito ndilo lililokuwa karibu. Sefidi ile si nyota kubwa kwa kipimo chetu, ila somo lake linahusu njia, na njia ni ileile.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| | Upepo wa nuru | Mpwito |
|---|---|---|
| Pana nguvu wapi | nyota za moto, kuanzia kelvini 25,000 hivi | majitu makuu mekundu, kelvini 3,500 hivi |
| Unapima nini | spektra za urujuanimno, eksirei, redio | mwangaza kwa usiku mwingi |
| Unapata nini | masi inayotoka kwa mwaka | msongamano na muundo wa ndani |
| Panapovuja | madonge ndani ya upepo | kuuhusisha na kiasi cha masi kinachotoka |

Jedwali hili lina uongo mmoja: linavitenganisha vitu ambavyo, katika nyota nyekundu, haviachani.

Zinapokutana: majitu makuu mekundu

Uso wa jitu kuu jekundu ni baridi mno kwa ule upepo wa urujuanimno. Kinachoweza kuisukuma gesi huko ni vumbi, kwa kuwa punje za vumbi hupokea nuru vizuri na kuikokota gesi pamoja nazo. Tatizo ni kwamba vumbi haligandi usoni. Mahali penye baridi ya kutosha ni mbali zaidi, na huko gesi ni haba. Lazima kiwepo kitu cha kuiinua gesi mpaka pale. Mpwito, ukisaidiwa na mapovu makubwa ya gesi yanayochemka kutoka chini, ndio unaoinua. Vumbi linapokea na kumalizia.

Tuliliona jambo hili kwa macho. Kuanzia mwishoni mwa 2019 Ibuti la Jauza ilififia mpaka Februari 2020 ikawa na kama theluthi moja ya nuru yake ya kawaida. Watu wakaanza kuuliza kama italipuka usiku uleule. Andrea Dupree na wenzake, kwa kutumia darubini ya Hubble, walikuwa wameona gesi nzito ya moto ikipanda kutoka upande wa kusini miezi michache kabla. Picha za darubini kubwa ya VLT nchini Chile zilionyesha nusu ya kusini ya uso ikiwa giza. Maelezo yaliyokubalika na wengi: donge la gesi lilitupwa nje, likapoa, likawa vumbi, likakaa mbele ya nyota. Kisha likaja la ajabu zaidi. Mpwito wa siku 400, uliokuwa umejirudia kwa miongo, ulivurugika, na badala yake ukajitokeza wa karibu siku 200. Nyota ilipoteza masi kwa msaada wa mpwito, halafu upotevu ule ukauvuruga mpwito wenyewe.

Hapa ndipo ile namba ya mwanzoni inaporudi. Mng'aro wa jitu kuu jekundu unatoka kwenye kiini cha heli, na kiini hakijui kinachoendelea juu. Chukua nyota inayong'aa kama Majua 160,000 na yenye masi 20: namba yake ni 8,000. Ipunguzie masi mpaka 12, kiini kikiwa kilekile, namba inapanda hadi zaidi ya 13,000. Mwaka 1997 Alexander Heger na wenzake walionyesha kwamba namba hii ikipanda, mpwito unakuwa mkubwa zaidi. Mwaka 2010 Sung-Chul Yoon na Matteo Cantiello wakalifunga duara: mpwito mkubwa unatoa masi zaidi, masi ikitoka namba inapanda, mpwito unazidi. Nyota ikiingia kwenye mzunguko huo, inaweza kuvua koti lake la hidrojeni kwa muda mfupi kuliko fomula yoyote ya wastani inavyotabiri.

Je, hutokea kweli? Mwaka 2009 Stephen Smartt na wenzake walipanga nyota zilizoonekana kabla ya kulipuka kama supanova za kawaida zenye hidrojeni, wakaona zinaishia kwenye masi za Jua 16 au 17 hivi, ingawa majitu makuu mekundu mazito zaidi yapo na yanajulikana. Yanakwenda wapi? Huenda yanavuliwa koti na kulipuka kwa sura nyingine; huenda yanaanguka moja kwa moja kuwa mashimo meusi. Mimi nilikuwa nikiegemea jibu la kwanza mpaka mwaka 2020, Emma Beasor na wenzake walipopima majitu makuu mekundu ndani ya vishada vya nyota na kukuta upepo wao wa kila siku ni hafifu kuliko fomula zilizozoeleka, hafifu kiasi kwamba hauwezi kulivua koti peke yake. Tangu hapo naona kwamba kama koti linavuliwa, basi linavuliwa kwa vishindo vifupi, na kishindo kinahitaji chanzo.

Supanova 2023ixf ni mfano wa kuwekwa mezani. Koichi Itagaki aliigundua Mei 19, 2023 katika galaksi ya M101. Picha za zamani za infraredi zilionyesha nyota iliyolipuka ilikuwa jitu kuu jekundu lililofunikwa na vumbi, likipwita kwa siku 1,000 hadi 1,100 hivi. Spektra za siku za kwanza zilionyesha gesi nzito ikiizunguka karibu sana, ambayo mlipuko uliimeza ndani ya siku chache. Mpwito mrefu na upotevu mkubwa katika nyota moja, mwishoni kabisa mwa uhai wake. Makadirio ya masi yake ya kuzaliwa yanatofautiana kutoka 10 hivi hadi 20, na sehemu ya tofauti hiyo inatoka kwenye swali letu lilelile: ukianzia na vumbi unapata jibu moja, ukianzia na mpwito unapata lingine.

Panapohitajika mwingine

Eta Carinae, katika kundinyota la Mkuku, ilianza mlipuko wake mkuu mwaka 1837 na mwaka 1843 ikawa ya pili kwa kung'aa angani baada ya Shira. Katika miaka ishirini hivi ilitupa masi za Jua zisizopungua 10. Gawanya mwenyewe: nusu ya Jua kila mwaka. Upepo wa nuru kupitia mistari hauwezi kubeba mzigo huo, na mpwito wa kawaida pia hauwezi. Eta Carinae ina mwenzi anayeizunguka kwa miaka 5.5, na maelezo kadhaa ya mlipuko ule yanaanzia hapo.

Mwenzi ni jambo la kuulizwa kabla ya mengine yote. Mwaka 2012 Hugues Sana na timu yake walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota za aina ya O, zile nzito za moto kama Zeta Puppis, zitabadilishana masi na mwenzi wakati fulani wa maisha yao. Ukiiona nyota imevuliwa hidrojeni, usikimbilie kuulaumu upepo. Hata Ibuti la Jauza, iliyodhaniwa pweke, mwaka 2025 darubini ya Gemini North ilitoa picha inayoelekea kuonyesha mwenzi mdogo karibu nayo.

Halafu kuna neno linalopotosha. Nyota zinazofikia kiini cha heli cha masi za Jua 35 hadi 65 hivi hupatwa na kinachoitwa mpwito wa jozi: nuru ya ndani inageuka kuwa jozi za elektroni na positroni, kiini kinapoteza msaada, kinanywea, oksijeni inawaka kwa kishindo na tabaka za nje zinatupwa. Baadaye kinatulia na kurudia. Jina ni mpwito, lakini halina uhusiano na ile vali ya chuma au hidrojeni. Ukisoma makala yenye neno hilo, angalia kwanza wanazungumzia upi.

Ukikaa kwenye kompyuta, au nje usiku

Programu ya MESA, inayotengeneza modeli za maisha ya nyota, ni ya bure na inatosha kompyuta ya kawaida yenye subira. Modeli yangu ya kwanza humo ilikuwa ya nyota ya masi 20, ikafika mwisho wa maisha ikiwa na masi 20 kamili. Nilikaa dakika kadhaa nikidhani nimegundua jambo. Programu haiwashi upepo usipoiagiza. Ukiuwasha, chaguo lililozoeleka ni lile linaloitwa "Dutch": Vink kwa nyota za moto, Nugis na Lamers kwa Wolf-Rayet, na fomula ya Cornelis de Jager ya mwaka 1988 kwa nyota baridi. Kwa nyota ya moto, liache kama lilivyo na uendeshe mara tatu, ukizidisha upepo kwa 1, kwa 0.5 na kwa 0.3, tofauti kati ya majibu hayo matatu ni kosa lako halisi. Kwa jitu kuu jekundu, sehemu ya de Jager ndiyo ya kuitilia shaka. Chukua muundo wa nyota katika hatua kadhaa, upitishe kwenye GYRE, programu ya Rich Townsend ya kutafuta mipwito, uone ni wakati gani mpwito unaanza kukua haraka. Hapo ndipo fomula ya wastani inapoacha kuaminika.

Asiyependa kompyuta hajanyimwa kitu. Zeta Puppis haitakuonyesha chochote kwa macho. Upepo wake unaonekana kwenye spektra, na sehemu nzuri zaidi ya spektra hiyo huzuiwa na hewa. Ibuti la Jauza ndiyo ya kuchagua. Ilinganishe na nyota jirani ambazo hazibadiliki sana, andika tarehe na makadirio yako, na usihangaike nayo kati ya Mei na Julai inapokuwa karibu na Jua. Mwaka mmoja na kidogo unakupa mpwito mmoja wa siku 400. Ule mwingine, mrefu, wa siku 2,100, unaohusishwa sasa na mwenzi, unataka karibu miaka sita.